Mkubwa kwa Karatasi

14 Januari

Shikamoo dada Kiberiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Sisi hatujambo. Mama anashona sare za shule tangu asubuhi, ndio msimu wake, na anakusalimu. Amesema nikuandikie mimi kwa sababu vidole vyake vimechomwa na sindano hadi vimekuwa kama chekeche.

Unajua kwa nini napenda barua kuliko simu. Mara ya mwisho ulipopiga nilikaa kimya mpaka ukadhani mtandao umekatika, ukakata. Sikufanya makusudi. Maneno yangu huchelewa kufika, yakija yanakuta watu wameshaondoka. Kwenye karatasi yananingoja.

Kwanza, ahsante kwa kadi. Tangu uondoke, huu mwaka wa nne sasa, hujawahi kusahau tarehe tisa Januari. Wenzangu wana dada ambao hawajui hata mwezi waliozaliwa wadogo zao. Nimetimiza kumi na tisa, shule nimemaliza, na asubuhi sijui nifanye nini na mikono yangu, kwa hiyo namsaidia mama kutoboa na kushona matundu ya vifungo.

Pili, na hii ndiyo habari yenyewe, keti kwanza. Timu yetu ya mtaa ilicheza na timu ya chuo cha ualimu. Tulifungwa mawili, lakini kulikuwa na mgeni pembeni ambaye hakuwatazama waliofunga. Alikuwa anatafuta beki wa kushoto. Akamfuata Sista Kocha. Wewe humjui, ni muuguzi wa zahanati, alianza kutufundisha ulipokuwa umeshaondoka. Huja mazoezini na gauni lake jeupe la kazi, filimbi shingoni, na akikasirika anatishia kutuchoma sindano. Mgeni alimuuliza, "Huyu wa mguu wa kushoto anaongea?" Sista akasema, "Haongei, lakini hapitwi."

Nimeitwa majaribio, dada. Timu ya vijana ya klabu ya ligi kuu, wasichana wasiozidi miaka ishirini, tarehe kumi na tano Machi. Wanataka cheti cha kuzaliwa chenyewe, si nakala. Nimefungua sanduku la bati la mama, nimekuta cheti chako, kadi zetu za kliniki na miwani ya marehemu baba. Changu hakipo. Nilipomuuliza mama alikata uzi kwa meno akasema, "Muulize dada yako." Nafikiri ulikichukua kwa wema, labda ukiwekee plastiki. Naomba unitumie. Nina haraka kidogo.

Mdogo wako,
Kimya


27 Januari

Kimya wangu,

Marahaba. Goti limepoa, sasa ni zamu ya kifundo cha mguu. Mwili huu ni kama paa bovu, ukiziba huku panavuja kule. Barua yako nimeisoma miguu ikiwa kwenye beseni la barafu, huku kipa wetu amelala kitanda cha pili anakoroma mchana kweupe kama mashine ya kusaga. Tuko wanne chumbani, kabati moja, na kamba ya soksi imepita katikati. Ukitaka kulia unaenda bafuni, na bafuni kuna foleni.

Hongera kwa kumaliza shule. Siku ile uliyotimiza miaka, wenzangu walinimwagia maji ndoo mbili mazoezini, nikiwa na viatu vipya, nikaumwa mafua wiki nzima. Wana wazimu hawa.

Kuhusu majaribio nitakuambia ukweli, maana wengine watakusifu tu. Mpira unaousikia redioni si huu tunaouishi. Nahodha wetu ana miaka ishirini na saba na anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Winga wetu wa kulia aliumia Oktoba. Siku ya tatu kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine na shuka halijabadilishwa. Wanaume wakifungwa anafukuzwa kocha, tukifungwa sisi tunaambiwa tukaolewe. Na wewe, mdogo wangu, mtu akikukanyaga kwenye foleni ya maji unaomba radhi wewe. Utafanyaje kwa wasichana wanaovuta nywele refa akigeuka?

Kichwa chako ni kizuri. Mwambie huyo Sista akuingize kwenye mafunzo ya uuguzi, ukiniona naletwa kwenye machela unichome sindano taratibu.

Cheti nilikuwa nacho, sikatai. Tulihamishwa hosteli, mabegi yakachanganyika, nimekitafuta wala sikioni. Subiri msimu uishe, Juni nitakuja mwenyewe tulishughulikie. Majaribio yapo kila mwaka. Na usiende ofisi yoyote peke yako, makarani watakuzungusha mpaka uchakae.

Dada yako,
Kiberiti


11 Februari

Shikamoo dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliniuma na sikutaka kujibu nikiwa na uchungu. Uliyosema kuhusu foleni ya maji ni kweli. Lakini uwanjani siombi radhi. Hujawahi kuniona nikicheza, dada. Ulipoondoka nilikuwa naokota mipira yako ikiingia mtaroni.

Sista Kocha alisema Juni ni mbali. Cheti kikipotea huombwa kingine, ila jina langu lianze kuingizwa kwenye usajili wa chama cha soka. Aliomba ruhusa zahanati, tukaenda pamoja Jumanne. Kwa hiyo sikwenda peke yangu, nilikutii.

Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kuna feni inayozunguka kwa kusitasita, na vikombe vya ushindi vimejazwa kalamu. Karani ni mzee wa miwani, mcheshi. Alichapa jina langu, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, akasubiri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwambia Sista, "Umeniletea nyota bila taarifa, hata kiti sijafuta. Huyu ana mabao kumi na manne msimu uliopita." Sista akacheka, akasema mimi ni beki na sijawahi kufunga hata bao la kuotea.

Karani akatugeuzia kompyuta. Jina langu. Tarehe tisa Januari na mwaka wangu. Jina la mama. Na picha, dada, ni yako, ile uliyosuka nywele za mistari.

Nilijua mara moja ni kosa la ofisi. Tumetoka tumbo moja, baba mmoja, mtu akichapa haraka anaweza kutuchanganya. Sista alikuwa ananitazama anasubiri. Na mimi, huyuhuyu Kimya wako, nilizungumza, tena kwa sauti. Nilisema, "Huyu kwenye picha ni dada yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na mitatu. Mwenye jina hilo ni mimi."

Ungenisikia ungejivunia. Karani aliandika maneno yangu yote, akaniuliza tena umri wako, nikamtajia mpaka siku na mwezi, kisha nikaweka sahihi. Amesema atawaandikia klabu yenu ili wasahihishe. Tafadhali waambie mapema wasishtuke.

Nilipomsimulia mama aliendelea kukanyaga cherehani. Baadaye niliona hakuwa ameweka kitambaa.

Mdogo wako,
Kimya


18 Februari

Kimya,

Nimepiga simu mara sita. Mama akikupa unashika unapumua tu. Sasa pumua, lakini soma.

Umeweka sahihi ya nini, mtoto wewe? Nilikuambia usiende.

Si kosa la ofisi. Hakuna aliyetuchanganya. Lile jina ndilo ninalochezea tangu siku niliyotoka nyumbani, na cheti chako hakijapotea, kiko kwenye faili la klabu. Mengine mama atakueleza, mimi sina uso wa kuyaandika kwenye karatasi ambayo yeyote anaweza kuifungua. Usiongee tena na karani. Usiongee na Sista wako. Barua hii ichome.

Maisha yako yote umenyamaza, siku ya kufungua mdomo ukachagua hiyo.

Kiberiti


26 Februari

Shikamoo,

Sikuichoma.

Mama amenieleza. Hakuinua macho, alikuwa anapinda ukosi wa sare ya mtoto wa watu. Alisema walikuja watu wa kituo cha vijana wakitafuta wasichana wasiozidi kumi na sita. Wewe ulikuwa na kumi na tisa, una umbo dogo, na ulikuwa umekataliwa mara mbili kwa sababu ya umri. Mimi nilikuwa na kumi na tano. Akafungua sanduku akakupa cheti changu. "Wewe ulikuwa shuleni," aliniambia, kama kwamba ningekuwepo angeniuliza.

Naikumbuka ile wiki. Mlikaa mezani, mama anakuuliza, "Umezaliwa lini?" na wewe unajibu tarehe yangu. Ukikosea mwaka anakugonga vidole kwa rula yake ya kukatia nguo. Nilidhani unajifunza siku yangu ya kuzaliwa kwa sababu unakwenda mbali na hutaki kunisahau. Nilifurahi mpaka nikawasimulia wenzangu darasani. Na zile ndoo mbili za maji mwezi uliopita, kumbe wenzako walikuwa wanasherehekea kuzaliwa kwangu. Nimezitoa kadi zako zote nne nikazipanga kitandani. Sijui tena ulikuwa unamwandikia nani.

Barua ya wito kutoka chama cha soka imefika. Tarehe kumi na mbili Machi saa nne asubuhi, mimi na mama, pamoja na vyeti vya watoto wote, na Sista Kocha kama shahidi. Siku tatu kabla ya majaribio. Mama ameshatunga la kusema. Nimemwambia sitalisema mpaka nisikie kwako, kwa mkono wako.

Unataka niseme nini?

Kimya


4 Machi

Mdogo wangu,

Umeuliza, nakujibu. Nataka useme wewe ndiye mkubwa.

Mama atatoa cheti changu kilichopo sandukuni, atasema ni chako. Changu cha sasa, yaani chako, klabu imeshawapelekea nakala. Wewe utasema umri umekupita, ukayatamani majaribio, ukataka kutumia karatasi za mdogo wako anayecheza ligi kuu, na karani alipokugundua ukababaika ukasema uliyosema. Sentensi mbili, mnarudi nyumbani.

Najua inavyosikika. Sasa nisikilize na mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na minne hapakuwa na timu ya wasichana mtaani. Nilicheza na wavulana mpaka siku waliyosema mpira si wangu tena, nikawa nacheza na ukuta wa zahanati. Timu ya wasichana ilipokuja nilikuwa na kumi na minane. Majaribio ya kwanza wakaniambia nimechelewa mwaka mmoja, ya pili wakasema miwili. Nilichelewa wapi, Kimya? Mimi nilikuwa palepale, wao ndio waliochelewa. Wewe umemkuta Sista na filimbi yake, njia imeshafyekwa. Na wakati ule ulikuwa unaogopa mpira, ukirushiwa unafumba macho. Nani angejua kwamba siku moja utakitaka cheti kwa jambo lilelile? Ningejua, sijui kama nisingekichukua. Nakuambia hivyo kwa sababu umeomba mkono wangu, na huu ndio mkono wangu.

Kuna klabu ya nje. Wakala wao alikaa jukwaani wiki iliyopita na daftari. Wanataka mshambuliaji wa miaka kumi na tisa wamkuze. Mwenye ishirini na mitatu hawana haja naye. Safari ni Aprili. Ukisema ukweli nafungiwa maisha, timu inanyang'anywa pointi, wasichana ishirini na wawili wanashuka daraja kwa kosa wasilolijua, na mama anahojiwa polisi. Ukisema uongo unakosa majaribio ya mwaka mmoja. Pima mwenyewe, wewe una akili kuliko mimi.

Nikitulia huko nitakuvuta. Mguu wa kushoto haupotei.

Dada yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sikukosea kuandika. Soma mpaka mwisho.

Tulifika saa tatu na nusu. Walikuwa wanne mezani, mwenyekiti, wajumbe wawili, na yule karani wa miwani, ambaye safari hii hakufanya mzaha. Mama aliapa vizuri. Alitoa cheti chako akasema, "Huyu ndiye kifungua mimba wangu," akaniwekea mkono begani. Sikumbuki ni lini mama alinishika bega mbele za watu.

Mwenyekiti alivilinganisha vyeti, akanitazama, akauliza, "Wewe ni yupi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Feni ilisita, ikazunguka, ikasita. Wewe unajua kwamba maneno yangu huchelewa. Siku hiyo hayakuchelewa, yote yalikuwa yameshafika, ya kweli na ya uongo, yamejipanga. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama alivyokuwa akifanya nikisoma shairi siku ya wazazi. Nikasema, "Mimi ndiye dada mkubwa. Nina miaka ishirini na mitatu."

Kisha nikasema yale mengine, kuhusu majaribio na karatasi zako. Sauti ilitoka nzuri. Mjumbe mmoja alisema ninajieleza vizuri, inasikitisha kwamba akili hiyo niliielekeza kwenye ujanja. Mwenyekiti alinihutubia. Alisema wivu wa ndugu ni kama mchwa, nyumba inasimama lakini ndani hamna kitu. Alisema mdogo wangu anatoka jasho na mimi nataka kulivaa. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa. Najua alipaswa kuitikia. Lakini aliitikia kila sentensi.

Nimefungiwa miaka mitano kwa kudanganya umri. Hukuniambia kuhusu hilo, labda hukujua, labda ulijua. Siku nitakayofunguliwa nitakuwa na miaka ishirini na minane kwa karatasi. Hakuna anayemwita majaribio beki wa miaka ishirini na minane. Kwa hiyo ulipoandika mwaka mmoja ulikosea hesabu.

Kwenye ngazi Sista Kocha alinisimamisha. Akauliza, "Ishirini na mitatu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nilikuwa nakubebea chupa ya maji kama mtoto." Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimekuja na jezi yangu kwenye mfuko, ile namba tatu aliyoishona mama, kwa sababu asubuhi nilifikiri huenda tukitoka pale nitakwenda mazoezini. Hata wakati huo nilikuwa bado nafikiri hivyo. Nikampa. Akaikunja vizuri kama shuka la wodini, akashuka.

Siku ya majaribio nilishona matundu sitini na manne ya vifungo. Mama alinipikia mayai, akaniita mwanangu mara nyingi.

Sasa limebaki moja. Chama kimeandika, mama ameapa, mimi nimeweka sahihi. Mimi ni mkubwa wako kwa miaka minne. Na mdogo humwamkia mkubwa, hayo tulifundishwa kabla ya kujua kuvaa viatu. Nimekuamkia tangu nianze kusema, hata kwenye barua niliyoandika huku nalia. Sasa ni zamu yako. Barua yako ambayo haianzi na shikamoo sitaisoma.

Dada yako mkubwa


5 Aprili

Kimya wangu,

Nimecheka mpaka kipa ameamka. Eti shikamoo. Sikujua una utani namna hiyo, ungekuwa unaongea ungetuua.

Nilijua hutaniangusha. Klabu walipata barua kwamba suala limefungwa, meneja akanipigia saluti. Nilimwambia mama akununulie viatu vizuri, vya kutokea, si vya mpira. Hiyo miaka mitano usiiwazie, sheria huku zinalegea kama lastiki, nitaongea na watu.

Pasipoti imetoka, na klabu wamenirudishia cheti. Sikihitaji tena. Kimo ndani ya bahasha hii, nimekiwekea plastiki kama ulivyodhani. Ni chako. Naondoka Alhamisi.

Kiberiti


22 Juni

Mdogo wangu,

Hii ni ya tatu tangu nifike huku. Mama ameniambia unachofanya. Anasema unafungua bahasha, unasoma mstari wa kwanza, unaikunja, unaiweka juu ya kabati la vitambaa. Anasema hata cheti hukukitoa, kimo humohumo.

Basi hata hii utaisoma mstari mmoja, kwa hiyo naweza kusema nitakalo. Siwezi kukuamkia. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni nikiwa na miaka sita, ukanikojolea, nikakuosha. Nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Mzaha una mpaka wake. Nimekwambia samahani kwenye zile mbili zilizopita, mara nyingi, lakini ziko kabatini.

Hapa chumba ni changu peke yangu. Kina dirisha kubwa, godoro jipya, na kimya ambacho sijakizoea, namkumbuka hata kipa na mashine yake. Siku ya kwanza walinipima kila kitu, mifupa, moyo, pumzi. Daktari alisema kwa miaka kumi na tisa magoti yangu yamechoka sana, akaniuliza nilianza mpira lini. Nikasema mapema. Akaandika.

Mama anasema viatu vyako vya mpira umempa binti wa jirani, na kwamba Sista Kocha akipita na timu unafunga dirisha la upande wa barabarani, unashona kwa taa mchana. Kwa nini unafanya hivyo? Uwanja wa mtaa hauhitaji cheti. Nenda ukacheze tu.

Nimesoma tena mstari huo wa mwisho. Sikuufuta, maana hutaufikia.

Dada yako


3 Septemba

Shikamoo dada,

Nimeiandika. Nilikaa na kalamu tangu mazoezi yalipoisha hadi wakaja kufunga chumba cha kubadilishia nguo. Hapa hakuna anayejua neno hilo, kwa hiyo hakuna aliyeniona.

Nikuambie jambo moja ambalo mama halijui. Kwa miaka minne nilikuwa nimelizoea jina lako, wakiliita nageuka kama langu. Tangu Machi nachelewa. Kocha anaita, wenzangu wanaita, na mimi natazama pembeni kama wanamwita mwingine. Wamenipeleka kupimwa masikio. Masikio ni mazima.

Jumamosi nilifunga. Krosi ilitoka kushoto, kwa beki, mtoto wa miaka kumi na minane mwenye aibu, akipongezwa anatazama chini. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina. Walinibeba. Nilikuwa namtazama yule beki. Alikuwa anarudi nafasi yake peke yake, anavuta soksi.

Jana mama alikupa simu. Nilisikia unapumua. Nikasema shikamoo, nikasubiri. Mtandao haukukatika, nilikuwa nasikia cherehani nyuma yako. Nikaisema tena. Halafu nikasikia simu inawekwa mezani, taratibu, na kiti kikivutwa.

Nimezitoa barua zako, ninazo zote. Mwaka huu uliniamkia mara tatu. Mimi niliitikia ya kwanza tu. Zile mbili nilizipita, nilikuwa na haraka ya kukuambia la kufanya.

Nasubiri marahaba yako.

Mdogo wako